Silinda ya Haidroliki Inavuja: Mwongozo Kamili kwa Mashine Kuukuu za Shamba

Sili, ile ringi ya raba inayozuia mafuta yasitoke kwenye silinda, ni kati ya spea za bei rahisi kabisa kwenye trekta, na ndiyo maana watu huikimbilia kwanza. Wanainunua, wanaiweka, na baada ya wiki chache mafuta yanachuruzika tena. Lawama yote huangukia muuza spea: "Hizi za siku hizi ni feki." Feki zipo, hilo halina ubishi. Ila mara nyingi kilichoiua sili ya kwanza bado kiko palepale: rodi (ile fimbo inayotoka na kuingia) iliyochubuka, bushi iliyolegea, mafuta yenye mchanga. Kwa hiyo humu sili itanunuliwa karibu na mwisho. Kwanza tutafute kilichoiua.

Ninazungumzia silinda za nje, zile mafundi wengi huziita ramu au jeki: za loda ya mbele, za trela la kutipa, za plau ya kugeuza, za bekho. Lifti ya nyuma ya trekta kama Massey Ferguson 135 hufuata kanuni hizihizi, lakini silinda yake imejificha ndani ya bodi chini ya kiti, na kuifikia ni lazima ung'oe kifuniko kizima cha lifti. Hiyo ni kazi ya peke yake.

Kabla ya kushika spana

Fanya hesabu kidogo. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 60 ikipata presha ya bar 150 inasukuma kwa nguvu ya takriban tani 4.3. Nguvu hiyo haiondoki kwa sababu tu umezima injini. Inabaki ndani ya mafuta mradi kuna kitu kilichoinuliwa juu.

Teremsha ndoo ya loda hadi ikae chini kabisa. Zima injini, kisha sukuma na vuta kila mkono wa valvu mara kadhaa hadi uhisi umelegea. Ikiwa lazima kitu kibaki juu, kama sanduku la trela, kiegemeze kwa nguzo za chuma zinazotosha uzito wake. Jeki peke yake haifai, na mawe ya kupangwa ndiyo kabisa.

Usitafute tundu kwa kupitisha mkono kwenye hozi. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa presha hupenya ngozi kama sindano, na jeraha linaonekana dogo hata mtu anacheka. Baada ya saa chache mkono unavimba na nyama inaanza kufa ndani. Tumia kipande cha kadibodi. Mafuta yataacha alama juu yake. Yakikupata, nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, na useme wazi kwamba ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia kwa presha. Usisubiri maumivu.

Inavuja wapi hasa?

Osha silinda kwa dizeli au mafuta ya taa, ikaushe, kisha ipake vumbi la chaki kwenye glandi (kile kifuniko cha mbele rodi inapotokea), kwenye viungo vya hozi na kwenye mishono ya weldi. Iendeshe mara chache halafu uangalie chaki imelowa wapi kwanza.

Ikilowa pale rodi inapotokea, tatizo ni sili ya rodi au rodi yenyewe. Utando mwembamba wa mafuta juu ya rodi ni wa kawaida, tena ndio unaoilainisha sili. Tone linaloanguka si la kawaida. Ikilowa pale glandi inapokutana na pipa (bomba la silinda), oringi ya nje ya glandi, ile ringi ya raba ya mviringo, imechoka. Kwenye kiungo cha hozi huenda ni washa ya shaba tu, na utakuwa umeokoa siku nzima. Kwenye mshono wa weldi, pipa limepasuka. Itabidi silinda ifunguliwe yote na itolewe sili zote kabla moto haujaikaribia.

Kuna uvujaji mwingine usioonekana. Loda inashuka yenyewe na chini hakuna hata tone. Hapo mafuta huenda yanapita pembeni mwa pistoni (kile kichwa cha rodi kilicho ndani ya pipa), kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kwa silinda inayosukuma na kuvuta, jaribio lake ni hili: inyooshe rodi hadi mwisho, zima injini, toa presha. Fungua hozi ya upande wa rodi, izibe hozi yenyewe, na tundu la silinda uliache wazi likielekea kwenye ndoo. Simama kando. Washa injini kwa silensa ndogo na usukume mkono wa kunyoosha taratibu. Kidogo kilichobaki kitamwagika, kisha tundu linapaswa kunyamaza. Mafuta yakiendelea kutoka mfululizo, sili ya pistoni imekwisha.

Tundu hilo usilizibe hata kwa sekunde. Upande wa rodi una eneo dogo kuliko upande wa nyuma, kwa hiyo mafuta yakifungiwa pale presha hupanda kupita ile ya pampu, na kuna mapipa yaliyopasuka kwa njia hiyo.

Tundu likinyamaza na loda bado inashuka, iache silinda. Kagua valvu. Kwenye mashine zenye miaka mingi, fimbo ya ndani ya valvu hulika ikawa inapitisha mafuta, na nimeona silinda nzima nzima zikifunguliwa bure kwa sababu hakuna aliyefanya jaribio hili la dakika kumi.

Kuitoa na kuifungua

Weka alama kwenye hozi zote mbili. Ziba matundu ya silinda na ncha za hozi mara tu unapozifungua. Vumbi la Nairobi wakati wa kiangazi, hasa upande wa Embakasi na Athi River, linatosha kuharibu pampu kabla hujamaliza kunywa chai. Pini zilizoshikana na kutu zipe mafuta ya kulegeza na usiku mzima. Ukilazimika kuzichoma moto, fungua matundu yote kwanza: silinda iliyozibwa ikiwa na mafuta ndani ikapata moto ni bomu.

Sasa glandi. Itazame vizuri kabla ya kuigonga, maana zipo za aina nne na kila moja ina njia yake.

Ya theredi huzungushwa kwa spana ya pini au ya ndoano. Watu huigonga kwa tindo, na unaweza kuiona historia ya silinda kwenye yale makovu. Mtu wa weldi anaweza kukutengenezea spana ya pini kwa bamba la chuma na bolti mbili ndani ya nusu saa. Gharama yake ni ndogo kuliko glandi mpya.

Ya bolti haina shida. Zifungue kwa zamu, kidogo kidogo.

Ya saklipu ya ndani (ringi ya chuma inayojibana mferejini) inahitaji uisukume glandi ndani kwanza, ndipo saklipu ilegee na kutoka. Kabla ya kuivuta glandi nje, jaza ule mfereji wa saklipu kwa kipande cha plastiki laini, la sivyo oringi zitakatika zikipita hapo.

Ya waya, inayoshikiliwa na waya uliofichwa kwenye mfereji, ndiyo inayowachanganya watu. Kwenye pipa kuna upenyo mdogo wa mstatili. Unazungusha glandi hadi ncha ya waya itokee kwenye upenyo, unaiinua kwa bisibisi, kisha unaendelea kuzungusha waya ukitoka wote. Ukiona upenyo wa namna hiyo, weka nyundo chini.

Mwaga mafuta yote, kisha vuta rodi ikiwa imenyooka. Ikikataa, usitumie hewa ya kompresa. Hewa hubanwa ikahifadhi nguvu, na pistoni ikiachia inaruka kama risasi. Rudisha hozi ya upande wa nyuma na uisukume kwa mafuta ya trekta lenyewe, polepole, mdomo wa pipa ukielekea kwenye beseni na pasiwe na mtu mbele yake.

Nati ya pistoni mara nyingi imewekwa gundi ya theredi na imekazwa kwelikweli. Shika jicho la rodi (tundu la pini kwenye ncha yake) kwa pini nene. Usiibane rodi kwenye meno ya jiliwa hata kama umeifunga gunia. Toa sili kwanza, kisha pasha nati joto kwa tochi ya gesi ili gundi ilainike.

Lakini kabla ya kutoa sili yoyote, toa simu upige picha. Kila sili, kila ringi, ikiwa bado kwenye mfereji wake, mdomo ukionekana umeelekea wapi. Bila picha hiyo utajikuta usiku umeshika ringi mbili zinazofanana ukijiuliza ipi ilianza.

Sili iliyokufa inasema nini

Usiitupe. Iweke kwenye mwanga.

Iliyokakamaa na kupasuka ufa ufa imeuawa na joto au na umri. Iliyolika upande mmoja tu inakuambia rodi imepinda, au bushi na pini zimelegea hivi kwamba mzigo unaisukuma rodi kando. Iliyovimba na kulainika imekutana na mafuta yasiyo yake. Mtu akijazia mafuta ya breki kwenye haidroliki, raba ya kawaida hufanya hivyo hasa. Iliyotafunwa kwenye kisigino (upande wa nyuma, mbali na mdomo), vipande vidogo vimenyofoka, imesukumwa kwenye mwanya uliopanuka kati ya chuma na chuma, ama presha imepandishwa na mtu aliyechezea valvu ya usalama. Mikwaruzo ya urefu ni uchafu. Mdomo uliochomeka na kuwa mweusi ni hewa: viputo vikibanwa ghafla hupata joto la kuwasha mvuke wa mafuta.

Ukipata jibu hapo, liandike. Ni hilo utakalolirekebisha.

Rodi

Kwa maoni yangu kazi yote iko hapa. Rodi mbovu hula sili yoyote utakayoipa, ya Ujerumani au ya Gikomba.

Isafishe, iwe kavu, upitishe ukucha kwa urefu wake wote, kisha kwa kuizunguka. Ukucha ukikwama, mdomo wa sili utakwama. Kovu dogo lenye ukingo ulioinuka, kama lile linaloachwa na jiwe, linaweza kulainishwa kwa jiwe la mafuta laini hadi ukingo uishe. Shimo dogo linalobaki chini ya uso halina madhara makubwa kama ukingo uliosimama. Msasa utumie ule mwembamba sana wenye mafuta, na usugue kwa kuizunguka rodi. Ukisugua kwa urefu unachora vijito vya mafuta kutoka ndani hadi nje.

Kromu ya rodi ni tabaka jembamba mno, kwa kawaida mikroni ishirini na kitu hivi. Ikianza kubanduka au kutu ikitoka chini yake kama vipele, msasa hausaidii kitu. Una njia mbili: kuipeleka kusagwa na kupakwa kromu upya, au kununua fimbo mpya iliyokwisha kupakwa kromu, ikakerezwa theredi na kuunganishwa jicho la zamani. Kwa rodi nyembamba na fupi, ya pili mara nyingi ni nafuu, na mafundi wa kereza wa Kariobangi Light Industries wanaifahamu kazi hiyo. Mwambie fundi wa weldi ashikilie waya wa ardhi kwenye jicho lenyewe, si kwenye rodi. Cheche moja juu ya kromu inatosha kukurudisha mwanzo.

Kupinda kupime kwa kuizungusha rodi kati ya senta za mashine ya kereza, kipimo cha saa kikiigusa. Huna mashine? Iviringishe juu ya kioo kinene kilicho sawa na uangalie mwanga chini yake. Rodi nyembamba iliyopinda kidogo hunyooshwa kwa presi. Iliyopinda sana, hata ikinyooka kromu yake imeshapasuka.

Pipa lina maneno machache. Mulika tochi upande mmoja, utazame upande wa pili. Kutu nyepesi na mistari isiyokamata ukucha huondoka kwa mawe ya kuhoni (ya kusugulia ndani ya pipa) na mafuta mengi. Mashimo ya kutu, au uvimbe katikati ya pipa, ni bomba jipya.

Vipimo, kisha duka

Ukifika Kirinyaga Road au Industrial Area na sili kuukuu mfukoni, swali la kwanza utakaloulizwa kaunta ni: "Ni ya trekta gani, boss?" Ukijibu "ni ya Massey," utapewa kitu kinachofanana. Sili iliyochakaa imevimba au imesinyaa, haina kipimo cha kuaminika. Na silinda za loda na trela mara nyingi hazikutoka kiwanda kimoja na trekta. Trela lililoundwa jua kali linaweza kuwa na ramu ya lori la Japani.

Beba vipimo vya chuma: kipenyo cha rodi, kipenyo cha mfereji wa sili, na urefu wa mfereji huo. Kwa pistoni: kipenyo cha ndani cha pipa, kipenyo cha sakafu ya mfereji, na urefu wake. Pima kwa vania mahali pasipolika, mara mbili, ukizungusha robo duara. Sili yenyewe huwa fupi kidogo kuliko mfereji. Nafasi hiyo ni ya makusudi, usitafute ya kujaa kabisa. Ukiweza, beba na glandi yenyewe.

Mtego mkubwa uko kwenye inchi. Massey Ferguson za Coventry na Ford za Basildon zilitoka Uingereza enzi za inchi, na vifaa vingi vya wakati huo vilifuata. Inchi moja na robo ni milimita 31.75. Muuzaji atakupa 32, na mkononi huwezi kuona tofauti. Inchi mbili ni 50.8, wewe utapewa 50. Inchi mbili na nusu ni 63.5, utapewa 63. Sili ya 32 juu ya rodi ya 31.75 itashika mzigo ukiwa mzito kwa sababu presha inaufungua mdomo, halafu itatiririka mashine ikiwa imeegeshwa. Vania ikisoma namba za ajabu kama 38.1 au 44.45, uko kwenye inchi. Sema hivyo kaunta.

Kuhusu malighafi, nitril (raba ya kawaida ya sili) inatosha kwa oringi na kwa sili za kazi ya kawaida. Poliyurethani (plastiki inayonyumbulika kama raba) hustahimili msuguano zaidi na ndiyo ningeichagua kwa sili ya rodi na waipa (ringi ya nje inayopangusa rodi) kwenye loda. Vitoni ni ya joto kali. Kwenye trekta la shamba ni nadra kuihitaji. Ichunguze sili kabla ya kulipa: mdomo uwe na ukingo mmoja mkali, msafi, bila uzi wa raba uliobaki kwenye ukungu. Ikikosekana kabisa, poliyurethani hukerezwa kwa vipimo vyako.

Waipa usiiache. Ndiyo inayozuia tope lisiingie, na watu huiruka kwa sababu "haishiki presha."

Kufunga

Fagia meza, mwagia sakafu maji, funga mlango ikiwa kuna upepo. Osha kila kipande, ukikaushe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Ule uzi wa gereji utakuachia manyoya ndani ya mfereji.

Sheria ya mwelekeo ni moja: mdomo uliofunguka wa sili hutazama kule presha inakotoka. Sili ya rodi hutazama ndani. Waipa hutazama nje, kwa sababu adui wake yuko nje. Ringi ngumu ya plastiki inayoegemeza oringi hukaa upande usio na presha. Oringi ikipata presha pande zote mbili, ringi ziwe mbili.

Sili ya poliyurethani ngumu iloweke kwenye mafuta ya haidroliki yenye joto la kuvumilika kwa dakika chache. Ikunje iwe na umbo la figo, mkunjo ukielekea ndani, iingize kwenye glandi, iachie ijifungue yenyewe mferejini. Vidole na kijiti cha mbao kilicholainishwa vinatosha. Bisibisi ikishagusa mdomo, nunua nyingine. Sili ngumu ya teflon ya pistoni ipanue kwa maji ya moto, ivalishe, kisha ibane irudi umbo lake kwa kuizungushia kipande cha chupa ya plastiki na klipu ya hozi, uiache hivyo hadi ipoe.

Theredi za rodi zifunike kwa tepu kabla ya kupitisha glandi. Makali yake hukata mdomo mpya kimyakimya na hutajua hadi ujaze mafuta. Paka mafuta kila kitu. Nati ya pistoni iwe mpya ikiwa ni ya kujifunga, pamoja na gundi ya theredi, na ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji. Ikilegea ndani, pistoni itabaki chini na rodi itatoka peke yake.

Ingiza pistoni pipani kwa unyoofu, ukiizungusha kidogo. Ukihisi inang'ang'ania, itoe uangalie. Usiigonge.

Kuijaza na kuijaribu

Kabla ya kuirudisha, badilisha bushi na pini zilizolika. Kumbuka lile jibu uliloandika. Badilisha na chujio. Ikiwa mafuta ni meupe kama maziwa yana maji, yamwage yote. Jaza yale yanayotajwa na kitabu cha trekta, kwani mengi ya zamani hutumia mafuta yaleyale kwa giaboksi na haidroliki.

Endesha silinda bila mzigo, injini ikiwa chini, ukiishia kabla ya kufika mwisho pande zote. Rudia hadi iache kushtukashtuka, ndipo uiachie mwendo wote. Ongeza mafuta, maana silinda tupu imekunywa. Kisha beba mzigo wa nusu, weka alama ya chaki kwenye rodi, zima injini, uende kula. Hakuna mtu apite chini ya ndoo wakati huo.

Ukirudi na alama haijasogea, kaza viungo vya hozi mara moja zaidi mafuta yakiwa bado na joto, na uangalie tena baada ya siku ya kwanza ya kazi. Mashine ikilala nje msimu wa mvua, iegeshe rodi zikiwa zimeingia ndani. Zile zisizoweza kuingia zipake grisi, na uipanguse grisi hiyo kabla ya kuziendesha, kwa kuwa itakuwa imeshika vumbi.